Mteja aliniuliza kama gauni liko tayari, nikamjibu "Still"

Shikamoo Mwalimu,

Naomba unisaidie maana nimechoka kuchekwa, na anayenicheka zaidi ni mtoto wangu mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, niko Kenyatta Market upande wa mafundi, sio wa nyama choma wala wale wa kusuka nywele. Nimetoka kwetu Kwale nikaja Nairobi 2022 na kazi naijua, sijisifu lakini ukinipa kitenge na picha kwa simu nakushonea kitu mpaka watu wakuulize umekitoa wapi. Shida yangu ni mdomo. Kule nyumbani wateja wote tulikuwa tunaongea Kiswahili yakaisha, hapa wanaokuja na pesa nzuri wengi wanaongea Kingereza, wengine ni wazungu kabisa na wengine ni hawa wetu wa Kilimani ambao unawaamkia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kingereza na wanaendelea hivyo hivyo kama hawajakusikia.

Sio ati sijasoma, form four nimemaliza. Sleeve naijua, zip naijua, lining naijua, vipimo nachukua bila kubabaika. Kinachonishinda ni yale maneno ya wakati, yani bado, tayari, mpaka, siku hizi, juzi, mtu akinishika hapo nagwaya.

Sasa skiza kilichonipata. Kuna mama mmoja mzungu alileta kitenge yadi sita, akalipa dipozi nusu, tukaelewana mshono. Jumatano akapita akaniuliza kama gauni liko tayari. Kichwani nikasema "bado", nikaitafuta hiyo bado kwa Kingereza, nikaipata, nikamwambia "Still." Akaningoja nimalizie. Mimi nishamaliza. Tukatazamana pale. Akaniuliza "Still what?" nikaona huyu anazidi kunichanganya, nikamwambia "Still, I finish until Friday." Akafikiria kidogo, akasema sawa, atakuja Friday at two. Nikafungua daftari nikaandika IJUMAA SAA 2.

Ijumaa nimefika saa moja na nusu, gauni nimelipiga pasi, nimelitundika mbele kabisa. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu, saa nne, nikasema labda jam. Ilipofika saa saba nikaona huyu haji tena, nikateremsha shuka la kibanda nikapanda matatu kwenda Biashara Street kununua bitana. Niko kwa duka nashika kitambaa ndio meseji inaingia, anasema amekuja at two kama tulivyokubaliana na amekuta pamefungwa. Mwalimu nilisimama pale nikahesabu na vidole. Saa yake ya mbili ni saa yangu ya nane. Na hii kitu naijua, nimeijua tangu darasa la pili! Lakini mkono uliandika vile sikio lilisikia.

Nikamtumia "sorry", akanijibu "okay" moja, basi. Leo ni wiki tatu, gauni linaning'inia hapa na kila nikiinua macho linaniangalia.

Na sio huyo tu. Juzi kuna kijana aliniuliza "Have you been busy lately?" mimi nikasikia late, nikaanza kujitetea hapo hapo, no no I am not late, your trouser is there, look, mpaka yeye ndio akaona haya.

Jirani yangu wa kibanda anasema niende kolej fulani huko mjini, miezi mitatu, 15,000, na mimi hiyo ni kodi na kitu juu. Nimenunua kitabu cha maneno pale barabarani, nakariri ishirini kila usiku, ikifika asubuhi yashatoroka yote. Mtoto yuko gredi ya sita, ananisahihisha mbele ya wateja. Je nilipe hiyo pesa? Niendelee kukariri? Na huyo mama nimwambie nini, nitaanzia wapi?

Fundi wa Kenyatta Market

*

Marahaba fundi,

Nianze na pesa ndio ulale vizuri: usilipe. Angalau sio mwezi huu. Na hicho kitabu kipe mtoto. Maneno ishirini kwa usiku ni kama vifungo kwa mkebe, unaweza kuwa na mia tano na bado hujavaa shati.

Alafu nikwambie hiyo "Still" yako nimeisikia darasani miaka na miaka, tena kutoka kwa watoto werevu, kwa hivyo usidhani uko peke yako. Haikutoka kwa Kiingereza kibovu, imetoka kwa Kiswahili kizuri. Neno letu bado ni kama yule kijana mmoja kwa kibanda anayekata, anashona, anapiga pasi na jioni anafagia. Wazungu hiyo kazi wameajiri watu wanne, na wewe ulipomwita mmoja ulimwita asiye wa zamu hiyo.

Tuchukue sentensi zako mwenyewe za pale kibandani. Mtu akiuliza gauni liko tayari na wewe unataka kusema Bado, basi, nukta, hiyo ni "Not yet." Maneno mawili, ukishayasema nyamaza, ni jibu kamili na lina adabu. Ukitaka kusema bado sijamaliza, ni "I haven't finished it yet", na uone hapo, bado yetu inatangulia lakini yet yao inakaa mkiani. Sasa kama kazi inaendelea, bado nalishona, hapo ndipo still inapata ajira: "I'm still working on it." Still inataka kitendo ikishike mkono, ukiiacha peke yake mtu atakungoja umalizie, kama huyo mama alivyokungoja. Alafu iko ile bado ya mafundi hasa, gauni limeisha, bado zipu. Hapo usitafute still wala yet, sema tu "Only the zip is left." Na bado siku mbili ni "Two more days."

Hizo sentensi tano ziandike nyuma ya daftari. Nakwambia ukweli, kwa fundi hizo ni nusu ya Kiingereza chote atakachohitaji, kwa sababu swali la mteja huwa ni moja tu, na nyinyi mafundi mnajijua. Kesho yenu hata kwa Kiswahili huwa inatusumbua.

Upande wa pili wa bado ni ile -sha- yetu. Nishakata, "I've already cut it." Nishalipa, "I've already paid." Hii ya kukata ikariri mpaka uiseme ukiwa usingizini, maana kuna mteja atakuja Alhamisi kutaka mikono mirefu na wewe ulikata mifupi Jumanne, na hapo ukianza kutafuta maneno kitambaa kitakuwa hasara yako. Na ile ndio yetu, ndio nimefungua tu saa hii, wao wanasema "I've just opened." Just, already na yet hupenda kutembea na have. Lakini ukishataja siku iliyopita, have anashuka kwa matatu: sisi tunasema nimemaliza jana na hakuna anayetushika, wao watasema "I finished it yesterday", sio "I have finished it yesterday." Wamarekani nao wako na yao, utasikia "I already finished it" bila have yoyote. Usishtuke wala usiwasahihishe, kwao ndivyo wanavyosema.

Sasa hiyo Ijumaa. Wewe unadhani ulikosea saa peke yake. Kabla hata ya saa ulikuwa ushamwambia "I finish until Friday", na huyo mama ilibidi akisie. Ndio ile kufikiria kidogo uliyoiona. Kosa hapa ni la mpaka. Sisi mpaka inafanya kazi mbili, nitakuwa hapa mpaka saa kumi na mbili, na pia nitakuwa nimemaliza mpaka Ijumaa. Wao wamezitenga. Fikiria balbu ya kibanda chako. Inawaka muda wote bila kukatika, ikifika saa kumi na mbili unazima, kitu cha namna hiyo kinachoendelea tu ni until: "I'm open until six." Kitu kinachotokea mara moja, kama gauni kuisha, kikitokea Jumatano sawa, Alhamisi sawa, bora Ijumaa isipite, hicho ni by: "It will be ready by Friday." Na kama unataka kumwambia asijisumbue kabla ya hapo, "Not until Friday", yani siku zote kabla ya Ijumaa jibu ni hapana. Ukizishika hizi mbili utakuwa umewapita watu wengi wenye tai pale Upper Hill, nimesoma meseji zao za ofisi najua ninachosema.

Hivi karibuni nayo ina mtego wake ingawa wewe hukuitaja. Waziri akisema barabara itatengenezwa hivi karibuni, hiyo ni soon. Jirani akikwambia amehama hivi karibuni, hiyo ni recently. Neno moja kwetu linaangalia mbele na nyuma, kwao ni mawili na hayabadilishani. Na lately ya yule kijana ni ndugu yake recently, siku hizi, alikuwa anakuuliza tu kama una kazi nyingi siku hizi, anakuamkia maskini. Haihusiani na kuchelewa kabisa. Ungemjibu "Yes, very busy" mkamaliza. Na kuna late nyingine uichunge sana, ukiiweka mbele ya mtu, kama "my late boss", umesema bosi wako amefariki, watu watakupa pole. Bosi wa zamani ni "my former boss" au "my old boss".

Tuje kwa saa. Sitakufundisha maana umesema unajua na nakuamini. Saa yetu inaanza kuhesabu asubuhi, na hapa karibu na ikweta jua haliyumbiyumbi, Nairobi mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja, kwa hivyo kuhesabu toka alfajiri kunaingia akilini. Wao wanahesabu toka usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kila siku ya Mungu, na ukitazama saa ya ukutani namba zenyewe zinatazamana, 2 na 8, 3 na 9, 1 na 7. Yote hayo unayajua. Kilichokuangusha ni kuandika. Ulisikia two ukaigeuza 2, alafu ukaitilia neno saa mbele yake, na hiyo saa ndiyo iliyoihamisha toka mchana ikaenda asubuhi. Dawa yake ni ndogo sana. Kwa daftari andika kama ulivyosikia, "Friday, 2 pm", usitafsiri kalamu ikiwa mkononi. Tafsiri mteja akishaenda.

Na kabla hajaenda, rudia kwa sauti: "Two in the afternoon?" Basi. Mtu atakwambia yes au atakusahihisha, hakuna atakayekuona mjinga, hata madaktari hurudia. Kama ungeniuliza nikupe sentensi moja tu ya kubeba mjini ningekupa hiyo, ukibadilisha saa na siku.

Tarehe pia uzichunge. Mmarekani akikuandikia 5/6 kwa meseji anamaanisha tarehe sita mwezi wa tano, wewe utasoma tarehe tano mwezi wa sita, na harusi itakuwa imepita na picha zishapigwa. Mwambie aandike mwezi kwa jina. Mwingereza naye anaweza kukwambia "half two", hiyo ni saa nane na nusu mchana, sio saba na nusu. Na ukitoka kwenda kutafuta chenji, tafadhali usimwambie mgeni "I'm coming" huku unampa mgongo. Sisi wenyewe tunaelewana, nakuja tunayoisema tukiondoka ni ya Nairobi nzima, lakini mgeni anabaki anajiuliza unakuja wapi na anakuona ukienda. "I'll be right back."

Kile kingine watakachokuuliza ni mazungumzo tu ya kupitisha muda wakati unawapima, umekaa Nairobi muda gani, umeanza kushona lini. Wengi hapa wanasema "I came before three years." Before inataka kitu mbele yake, before lunch, before Christmas. Ukihesabu nyuma kutoka leo ni ago na inakuja mwisho, "I came three years ago." Ukitaka urefu wa muda ni for, "I've been here for three years", na ukitaja pale ulipoanzia ni since, "since 2022". Mimi ningekushauri ubebe hiyo ya since peke yake kwanza, mwaka haubadiliki, sentensi utaisema mwaka huu na mwaka ujao bila kuhesabu tena.

Kuhusu mtoto, hapo umekaa juu ya mali. Gredi ya sita anakula Kiingereza shuleni siku nzima. Jioni ukiwa unakata, mpe dakika kumi awe mteja, tena mteja msumbufu, aje aulize is it ready yet, why not, when, at what time, you said Tuesday, na wewe umjibu bila kuangalia daftari. Atafurahi kuliko katuni. Lakini muwekeane sheria, mbele ya mteja wa kweli hakusahihishi, anasubiri mfike nyumbani. Ukitaka kusikia sauti zingine BBC wana kipindi kinaitwa 6 Minute English, hulipi kitu ila bando ni yako, ni dakika sita kama jina lilivyo, na kibandani unaweza kukisikiliza mguu uko kwa cherehani. Ukishafanya hivi miezi miwili mitatu na bado unataka kolej, nenda uombe kukaa kipindi kimoja kabla ya kulipa. Ukiona mwalimu anaandika orodha ya maneno ubaoni na wanafunzi wananakili kimya, chukua mkoba wako urudi kazini.

Na hawa wetu wa Kilimani, hao mimi wananiudhi zaidi kuliko mzungu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, Kiswahili ndiyo lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Akikujibu kwa Kiingereza, endelea na Kiswahili chako cha Kwale taratibu, anasikia huyo, amelelewa na mama aliyekuwa anamtuma dukani kwa Kiswahili. Kiingereza kiweke kwa anayekihitaji.

Sasa yule mama. Usimpigie, simu itakuchanganya, mwandikie meseji, na usirudie sorry tupu kwa sababu sorry tupu haimwambii kilichotokea, anaweza kudhani ulimtoroka na dipozi yake. Mwambie hivi: "Hello. I'm sorry about that Friday. In Swahili, two o'clock is eight in the morning, so I waited for you from eight. Your dress has been ready since that day. I'm open until six. When can you come?" Isome kwanza uone since iko wapi na until iko wapi, alafu uitume. Wageni wengi hii hadithi ya saa zetu huwa inawachekesha, atakusamehe kabla hajamaliza kusoma.

Akikujibu saa, mrudishie: "Three in the afternoon?" Akisema yes, andika 3 pm. Na siku hiyo bitana usiende kununua.